Breki Laini Baada ya Kuweka Diski Nyuma: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

Umeng'oa dramu za nyuma na kufunga diski, kalipa mpya (vile vibano vinavyobana pedi kwenye diski), hosi mpya na mafuta mapya. Unakanyaga breki, mguu unazama kama umekanyaga godoro. Ukiuliza, kila mtu atakupa jibu, na mengi ya majibu hayo ni haya yafuatayo.

"Pedali ikiwa laini ni upepo tu. Toa upepo tena."

Upepo ni hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki. Kuna nusu ya ukweli hapa, ndiyo maana dhana hii haifi. Nimemwona mtu akimaliza chupa tatu za mafuta siku moja, na jioni pedali iko palepale ilipokuwa asubuhi. Hakuwa na upepo hata tone.

Tatizo ni hilo neno "laini", kwa sababu linabeba magonjwa matatu. Pedali inayodunda, inayorudisha mguu kama mpira, hiyo kweli ni upepo. Pedali inayoshuka sana lakini mwishoni inakuwa ngumu ni suala la nafasi kubwa kati ya pedi na diski, au masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali) inayotoa mafuta machache. Na ile inayoshika kwanza, kisha ukiikandamiza inazama polepole, inavuja: ama nje, ambako utaona unyevu, ama ndani ya masta, ambako mafuta yanapita kwenye sili zilizochoka bila kudondoka popote.

Basi kabla ya kushika spana, kanyaga mara tatu au nne haraka. Ikipanda juu na kuwa ngumu kabisa, tafuta nafasi. Ikipanda lakini bado inadunda, tafuta upepo.

"Nimetoa upepo mpaka mafuta yakatoka safi, kwa hiyo hamna upepo."

Tazama nipeli ya kutolea upepo iko wapi. Kalipa ya kulia na ya kushoto hufanana sana, na ukizibadilisha zitafunga vizuri tu bila kulalamika, ila nipeli itakuwa chini. Upepo hukaa juu. Mafuta yatatoka safi siku nzima huku povu limelala juu ya pistoni. Nipeli lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Kama mabano uliyonunua yanailaza pembeni, fungua kalipa, iinue nipeli iangalie juu, weka kipande cha ubao au chuma kati ya pedi ili pistoni isitoke, halafu toa upepo ikiwa hivyo.

Sehemu nyingine upepo unapojificha ni masta yenyewe, hasa ikiwa mpya na imefungwa bila kutolewa upepo kwanza mezani.

"Kalipa hujirekebisha zenyewe, hakuna cha kupima."

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kalipa nyingi za nyuma zina hendibreki ndani yake, na ndani ya pistoni mna skrubu inayosogeza pistoni pedi zinapolika. Kuna zinazosogea ukikanyaga pedali, na kuna zinazosogea ukivuta hendibreki. Zile za pili, ukianza na pistoni iliyorudishwa ndani kabisa, unaweza kukanyaga mpaka kesho na nafasi isizibwe.

Fanya hesabu uone ukubwa wa jambo. Pistoni ya milimita 38 ina eneo la sentimita za mraba 11.3. Nafasi ya ziada ya milimita 1 kwa kila kalipa, kwa kalipa mbili, inadai takriban mililita 2.3 za mafuta kabla breki haijashika. Masta yenye kipenyo cha milimita 22.2 lazima isogeze pistoni yake karibu milimita 6 kutoa kiasi hicho. Kama mkono wa pedali unazidisha mara nne, mguuni ni zaidi ya sentimita 2. Milimita moja tu! Huo ndio "ulaini" wako wote.

Dawa: kabla ya kufunga kebo, vuta wenzo wa hendibreki kwenye kalipa kwa mkono, rudia mpaka pedi zikaribie kugusa diski, gurudumu bado likizunguka. Kisha funga kebo ikiwa imelegea kidogo. Kebo ikivutwa mno, wenzo haurudi mpaka kwenye kikomo chake, na ile skrubu haifanyi kazi tena. Kuna watu hukaza kebo wakidhani wanasaidia breki, kumbe ndio wanaiua.

"Weka masta kubwa, pedali itakuwa ngumu."

Itakuwa ngumu, ndiyo. Ukitoka kipenyo cha inchi 7/8 kwenda inchi 1, kila sentimita ya safari inatoa mafuta zaidi kwa karibu asilimia 30. Lakini kwa nguvu ileile ya mguu, presha inashuka kwa karibu asilimia 23. Utapata pedali ya juu na gari lisilosimama upesi. Masta kubwa inafaa pale ya zamani ilipokuwa ndogo kweli kwa kalipa ulizoweka, na hilo hulijui mpaka umalize mambo ya upepo na nafasi. Mimi huiweka mwisho kwenye orodha. Madukani huiweka mwanzo.

"Ni busta."

Siyo. Busta ni kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu; ikifa, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kinachohusika pale ni ule mtaimbo mfupi kati ya busta na masta: ukiwa mfupi mno, pedali inatembea bure kabla ya kusukuma chochote, ukiwa mrefu mno, mafuta hayarudi na breki zinajishika.

"Masta ya zamani ilifanya kazi na dramu, itafanya na diski."

Masta nyingi za zama za dramu zina valvu ndogo inayobakiza presha ya karibu bar 0.7 kwenye bomba la nyuma. Dramu huihitaji, diski hazina springi nzito kama zile zinazorudisha viatu vya dramu, kwa hiyo pedi zinabaki zimebana. Pedali asubuhi ni nzuri, baada ya safari imelainika, maana mafuta yamechemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yaliyonyonya unyevu yanaweza kuchemka kwa nyuzi 140 za Selsiasi, DOT 4 kwa 155. Gusa hewa karibu na magurudumu ya nyuma baada ya safari fupi (usiguse diski) nawe utajua. Tofauti iko pale masta ilipo chini ya sakafu, chini kuliko kalipa: huko panahitajika valvu ya presha ndogo, kama bar 0.14, mafuta yasirudi nyuma.

"Lazima ubadilishe kitu kimoja kimoja mpaka upate."

Huna haja. Fungua mabomba kwenye masta, ziba matundu yake kwa plagi zenye nyuzi zinazolingana, kanyaga. Pedali lazima iwe ya juu na ngumu. Ikizama, ugonjwa uko kwenye masta. Ikisimama, rudisha bomba la mbele peke yake, toa upepo, kanyaga tena. Kisha la nyuma. Bomba litakaloishusha ndilo lenye jibu, na nusu saa hiyo itakuokolea chupa nyingi za mafuta.

Lakini kama kila kitu kimepita na bado pedali inashuka baada ya kona tu, halafu ya pili inakuwa sawa, acha mafuta kabisa. Weka saa ya kupimia (geji ya sindano inayoonyesha myumbo) kwenye diski, zungusha diski, na uvute ekseli kwa mkono uone inacheza kiasi gani. Diski inayoyumba inazisukuma pedi mbali, na hakuna nipeli inayotibu hilo.