North au north? Lini upande wa dunia unaandikwa kwa herufi kubwa

Wenzangu mnaotangaza nyumba za wageni na boti kwa Kiingereza, hili naomba tulitazame vizuri, mana kila penye north, south, east na west watu wanabandika herufi kubwa tu. Ukiandika "sail East for ten minutes" mgeni anaweza kudhani East ni jina la mahali anapopelekwa. Sheria yenyewe ni hivi: upande ukiwa ni mwelekeo tu, yani unaelekea wapi au kitu kiko wapi, unaandika kwa herufi ndogo, na ukiwa ni jina la eneo au sehemu ya jina ndo unaandika kwa kubwa.

Chukua Nungwi. Ukitoka mjini ni "we drove north to Nungwi", ndogo, na ukisema ipo "on the northern tip of Unguja" ni ndogo vilevile kwasababu unaeleza tu ilipo. Lakini mkoa wenyewe unaitwa Kaskazini Unguja, ni jina rasmi lina mipaka yake, kwahiyo "North Unguja Region" inakuwa kubwa. Hata ule upepo wa kaskazi ni "the northeast monsoon", ndogo.

Kinachokwamisha wengi ni ile the. Kuna wanaoamini ukiona the mbele basi weka herufi kubwa, na sio kweli kabisa. "The sun sets in the west" ina the na bado ni ndogo, ila gazeti likiandika "the West" linakusudia Ulaya Magharibi, Marekani na wenzao, hilo limeshakuwa jina. Mmarekani naye akisema "the South" anakusudia majimbo ya kusini ya nchi yake, sio kusini yoyote ile. Mimi nashauri ujiulize, jee watu wanaliita eneo hili hivi kwa jina, au ni mimi tu naelekeza? Pemba kwa mtu wa Unguja iko kaskazini, kwa mtu wa Mombasa iko kusini, kwahiyo hapo ni kuelekeza tu, lakini South Africa hata uwe umesimama Cape Town kwenyewe inabaki South Africa. Na maneno ya mwisho wa -ern yasikutishe, northern Kenya ni ndogo, Northern Ireland ni kubwa mana ndo jina lake. Penye utata ni "southern Africa", lile eneo la nchi nyingi, wengine wanaandika kubwa wengine ndogo, wewe chagua moja usiibadilishe katikati ya maandishi.

Maneno mengine yanafuata njia hiyohiyo ya jina. Siku na miezi ni kubwa, Ramadan na Eid pia, lakini misimu kama summer na winter ni ndogo, hili wengi hawalijui. Indian Ocean ni kubwa, "the ocean" peke yake ni ndogo. President Mwinyi ni kubwa kwasababu cheo kimeshikana na jina, "the president arrived" kwa kawaida ni ndogo. Na wanafunzi wa skuli wanaoandika barua za maombi waangalie masomo yao, biology na history ni ndogo, ila Arabic, English na Kiswahili ni kubwa siku zote mana ni majina ya lugha.