Pikipiki ya theluji ikizama, achia mafuta kwanza

Mafuta ya pikipiki ya theluji, chombo chenye mkanda nyuma badala ya magurudumu, hubonyezwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na kidole hicho ndicho kinachowazamisha wengi ninaowaongoza milimani hapa Revelstoke, British Columbia, Kanada. Mtu akihisi chombo kinalegea, anabonyeza zaidi. Mkanda wa mpira ulio chini unazidi kuzunguka, meno yake yanachota theluji na kuirusha nyuma. Punde si punde mkia umezama hadi kiti, ski mbili za mbele, vile vibao virefu vya kutelezea, zinatazama juu.

Aliyewahi kuona lori limekwama kwenye matope ya masika anaijua hali hii. Ila chini ya matope ipo ardhi ngumu. Huku unaweza kuchimba mita mbili na usiiguse. Mlima Copeland, jirani na mji wetu, ndio wenye rekodi ya Kanada: sentimita 2,447 za theluji katika msimu mmoja, 1971–72.

Basi mkanda ukizunguka bila kwenda mbele, achia mafuta, zima injini, kisha tazama juu yako. Kama mteremko una nyuzi 30 au zaidi, wenzako wabaki mahali salama wakikuangalia kwa mbali. Najua inauma. Sisi tuliolelewa kukimbilia mwenzetu akikwama tunaona ni ukatili. Lakini pikipiki ya pili ikipanda pale inaongeza uzito juu ya theluji ileile, na theluji hiyo ikiporomoka itawafukia nyote wawili. Kifaa cha mawimbi ya kutafutana mtu akifukiwa kiwe mwilini, kimewashwa. Beleshi na fimbo ya kuchomeka thelujini kumtafuta aliyefukiwa viwe mgongoni mwako, maana ukivifunga kwenye pikipiki inaweza kusombwa pamoja navyo.

Fungua jaketi kabla ya kuanza kuchimba. Jasho likilowesha nguo za ndani, baridi itakuingia utakapotulia.

Wageni wengi huchimba nyuma. Mimi huanza pembeni, kwa sababu kinachoishika pikipiki hasa ni theluji iliyojibana chini ya vibao vya kukanyagia na chini ya tumbo lake. Ondoa hiyo, kisha iliyo mbele ya ski. Vuta ski moja moja kwa mkono hadi pua ielekee bondeni. Hakuna sababu ya kupandisha chombo cha zaidi ya kilo 200 wakati mteremko uko tayari kukusaidia. Kisha kiinamishe ubavu upande wa bondeni, jaza shimo lililo chini ya mkanda, shindilia kwa miguu, ukirudishe juu yake. Kanyaga njia mbele, angalau urefu wa pikipiki moja.

Halafu subiri.

Hapa ndipo ninapobishana na watu kila msimu. Mwaka wangu wa kwanza nilichimba vizuri, nikawasha papo hapo, nikazama hatua tatu mbele. Nikarudia, nikazama tena. Sikujua kwamba theluji iliyovurugwa na kushindiliwa huendelea kuwa ngumu yenyewe. Chembe zake zinapobanwa pamoja huanza kuungana pale zinapogusana, hata kukiwa na baridi kali, bila kuyeyuka kwanza. Ndiyo maana nyayo ulizoacha jioni unazikuta asubuhi zimekuwa kama saruji. Ipe dakika kumi au kumi na tano njia uliyoiandaa. Kunywa chai, kula kitu, vaa glavu kavu. Kisha kanyaga ile njia: mguu usipozama tena, iko tayari.

Kama mahali ni salama na mwenzako amekuja kusaidia, asimame pembeni akivuta ski kwa kamba. Nyuma ya mkanda asisimame mtu yeyote, kwani vipande vya barafu na mawe hutoka pale kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Bonyeza mafuta kidogo, kwa utaratibu, ukiwa umesimama na uzito wako ukiutawala mwendo. Mkanda ukianza kuteleza, achia mara moja. Ukiendelea utaibomoa ile sakafu mliyoijenga kwa nusu saa.

Ikitoka, usisimame kumpungia mkono aliyekuvuta. Endelea kushuka hadi tambarare iliyokwisha kukanyagwa, geuza pua ielekee bondeni, ndipo uzime injini umsubiri.