Mchavushaji si nyuki wa asali peke yake

Ukiomba mmea wa kupanda katikati ya pevingi (yale mawe ya kutandika uani) kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara hapa Arusha, utaonyeshwa kitu chochote kifupi cha kijani na kuambiwa, "Hii ni ya nyuki, dada." Mara nyingine ni ukoka mtupu. Mteja naye akisikia nyuki anashtuka: watoto watachezea wapi? Muuzaji na mteja wote wamechanganya mambo, na mazungumzo haya nimeyasikia mno.

Kuchavusha ni kufikisha chavua, ile poda ya ua, kutoka sehemu ya kiume hadi sehemu ya kike ili mbegu zitungwe. Basi. Asali haimo katika maana hiyo. Chavua hubebwa hata na upepo: mahindi huchavushwa hivyo, na ukoka vilevile. Ndiyo maana ukoka, hata ustawi namna gani kati ya mawe, hauna nekta, yale majimaji matamu ya ua, ya kumvutia mdudu.

Linaloniudhi zaidi ni kumfanya nyuki wa mzinga kuwa ndiye mchavushaji pekee. Duniani zipo aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na wa kutengeneza asali ni wachache sana kati yao. Wengi huishi peke yao. Jike anachimba kishimo ardhini, anaweka chavua na nekta humo, anataga yai, anafukia. Hana kundi wala akiba ya asali ya kulinda, kwa hiyo hana haja ya kukufukuza. Kuna nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye matundu ya miti na kuta. Kuna yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu. Watu wanamkimbia kwa mlio wake, kumbe ndiye anayelifaa sana ua la pasheni, maana mgongo wake unafikia chavua ambayo mdudu mdogo anapita chini yake bila kuigusa. Tena kuna nzi wa maua, mwenye mistari kama nyuki, anayeelea hewani pale pale alipo. Hana mwiba kabisa, na mabuu wa aina nyingi za nzi hao hula vidukari kwenye mboga zako.

Chuchumaa mbele ya klova nyeupe, mmea wa kutambaa wenye majani matatu matatu, mida ya saa nne asubuhi, jua likishapasha. Kile unachokiona kama ua moja ni kundi la vijiua vingi. Vilivyokwisha kuchavushwa vimeinama chini na kuwa kahawia. Vinavyosubiri mgeni bado vimesimama. Hapo huhitaji kuelezwa tena uchavushaji ni nini, na wageni wanaokuja ni wa kila namna.

Mmea unaofaa, basi, ni ule unaotambaa, unaovumilia kukanyagwa kidogo, na unaotoa maua ambayo chakula chake kinafikika. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Klova inaupenda ubaridi wa Arusha. Moshi kuna joto zaidi, na portulaka, ua fupi la majani manene, inalimudu, ila chagua yenye petali za safu moja. Zile zilizojaa petali kama waridi zimepata urembo kwa kupoteza sehemu za kutoa chavua. Wedelia ya maua ya njano nakusihi iache: imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, na itayameza mawe yako na shamba la jirani.

Panda masika yanapoanza, kwenye mchanga uliochanganywa na mbolea iliyooza. Usizibe nafasi zote kwa saruji, kwa kuwa nyuki wa kuchimba nao wanahitaji udongo. Na ukifyeka kila maua yanapochomoza, au ukipuliza dawa, umebaki na zulia la kijani tu.

Klova inawavuta nyuki wa asali pia, ni kweli, kwa hiyo watoto wavae ndala hapo. Lakini nyuki aliye kwenye ua yuko kazini. Ukali wake uko karibu na mzinga. Na kundi linalohama halifuati maua ya kwenye pevingi, linatafuta tundu la kukaa. Ukiogopa nyuki kuhamia kwako, kagua dari.