Agave haingoji miaka 100

Agave americana, ndugu wa mkonge wetu, asili yake ni Mexico na kusini mwa Marekani. Kwa muda mrefu watu wameamini kwamba huchanua kila baada ya miaka 100. Sivyo. Kwa kawaida huchanua ikiwa na miaka 10 hadi 30, kutegemea joto, maji na udongo.

Kilicho kweli, na kwangu ndicho cha ajabu zaidi, ni kwamba huchanua mara moja tu. Miaka yote hiyo huweka akiba ya sukari katika kiini chake. Kisha shina la maua huchomoza katikati ya majani na kurefuka upesi mno, pengine hadi mita 8, likibeba mafungu ya maua ya manjano. Akiba ikiisha, majani hunyauka na mmea hufa, ila pembeni huwa kumeshaota machipukizi.

Waliokulia karibu na mashamba ya Tanga au Morogoro wanalijua hili: mkonge ukishatoa mlingoti, umefika mwisho. Juu ya mlingoti huo huota miche midogo yenye majani tayari, inayoweza kuchumwa na kupandwa kitaluni.