Chakula cha haraka: yanayoogopwa bure na yanayopuuzwa

Chakula cha haraka kina washtaki wengi na watetezi wengi, na pande zote mbili hukosea shabaha kwa namna moja: hutazama nyama na chipsi zilizo mbele yao, wakasahau kinachomiminwa, kinachonyunyizwa na kinachofyonzwa. Hesabu kubwa iko huko.

Dhana: Tatizo ni chipsi, soda ni ya kuteremshia tu

Kola ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula au iliyo kwenye juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, hizo ni gramu 50, au 25 kwa kiwango cha pili. Chupa ya nusu lita peke yake imeshavuka gramu 50, na mlo wenyewe haujaguswa. Tena sukari ya kunywa haishibishi kama chakula cha kutafuna: aliyekunywa kilokalori 200 kwa kawaida hapunguzi kilokalori 200 kwenye sahani yake.

Wanaokimbilia juisi hawajafika mbali. WHO huihesabu sukari ya juisi kuwa sukari huru, hata kama imekamuliwa mbele ya macho yako bila kuongezwa kitu. Asali nayo imo. Tunda zima haliingii kwenye hesabu hiyo, kwa sababu sukari yake imefungiwa ndani ya chembe za tunda pamoja na nyuzinyuzi, na wachache wanaweza kutafuna machungwa manne kwa dakika mbili. Kuyanywa ni rahisi.

Dhana: Ukiagiza saladi umesalimika

Inategemea kilichomwagwa juu yake. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120 hivi, na cha mayonezi hukaribia 100. Vijiko vitatu vya mafuta vinapita baga ndogo isiyo na jibini. Omba sosi iletwe pembeni, uchovye mwenyewe.

Dhana: Kaanga kwa moto mdogo ili chipsi zisinywe mafuta

Hapa ukweli ni kinyume kabisa, na sababu yake inafaa kujulikana na yeyote anayekaanga.

Karibu asilimia 80 ya kiazi kibichi ni maji. Kipande kikiingia kwenye mafuta ya nyuzijoto 175, maji ya juu huchemka papo hapo na mvuke hutoka kwa nguvu. Mapovu unayoyaona ndiyo mvuke huo. Maadamu unatoka, mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya chipsi kutolewa: kiazi kinaanza kupoa, mvuke uliobaki ndani unasinyaa, na mafuta yaliyonata juu ya ganda yanavutwa ndani kupitia vitundu vilivyoachwa na maji.

Kwa hiyo sekunde za mwanzo baada ya kutoa ndizo za kuchunga. Inua kapu, litikise vizuri juu ya kikaango mafuta yakiwa bado ya moto na mepesi, kisha mwaga chipsi kwenye karatasi inayonyonya. Ukiziacha zitulie ndani ya kapu bila kutikiswa, zitakunywa kile kilichobaki juu yake.

Moto mdogo huharibu kwa njia nyingine. Ganda huchelewa kushika, chipsi hukaa muda mrefu ndani ya mafuta, na hutoka zikiwa laini na zenye kuchuruzika. Kujaza kikaango kupita kiasi huleta matokeo yaleyale hata kama jiko ni kali, kwa kuwa viazi vingi vya baridi hushusha joto la mafuta kwa mkupuo. Kaanga kidogokidogo, subiri joto lirudi, kausha viazi kwa kitambaa kabla ya kuvitia, na kata vipande vinene. Kipande chembamba kina eneo kubwa la nje ukilinganisha na uzito wake, na mafuta huingilia nje.

Joto kali nalo lina mpaka. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa vyakula vya wanga vinavyopikwa kwa joto la juu, zaidi ya nyuzijoto 120, hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi. Imesababisha saratani kwa wanyama wa maabara, ingawa kwa binadamu ushahidi wa kupitia chakula haujathibitika. Kuipunguza ni kazi ndogo: usipitishe nyuzijoto 175, toa chipsi zikiwa na rangi ya dhahabu kabla hazijawa kahawia, loweka vipande kwenye maji angalau nusu saa kabla ya kukaanga, wala usihifadhi viazi vibichi kwenye friji. Baridi hugeuza wanga wa kiazi kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo mojawapo ya malighafi za akrilamaidi. Ndiyo maana kiazi kilichotoka friji huwahi kuwa cheusi nje huku ndani bado hakijaiva.

Dhana: Mafuta yakichujwa yanarudi kuwa mapya

Chujio hutoa makombo, na hilo lina faida yake, maana makombo huungua na kuharakisha uharibifu. Lakini kilichovunjika ndani ya mafuta hakichujiki kwa kitambaa. Baadhi ya nchi za Ulaya huagiza mafuta yatupwe yakishafikisha takriban robo ya uzito wake katika vitu hivyo vilivyovunjika. Asiye na kipimo atazame dalili: mafuta yanatoa moshi kabla ya kufika joto la kukaangia, povu linapanda na halitulii, yamekuwa mazito na ya kunata, au yananuka ukakasi. Rangi peke yake hudanganya. Kuongeza mapya juu ya yaliyochoka hakuyafufui yale ya zamani. Na chumvi isinyunyizwe juu ya kikaango. Inaharakisha kuchoka kwa mafuta.

Dhana: Yameandikwa “hayana kolesteroli”, basi ni salama kwa moyo

Mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kutajika, yaandikwe yasiandikwe. Ni tangazo la sifa ambayo kila mshindani anayo. Cha kutafuta kwenye orodha ya viambato ni mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu, kwani huko ndiko yanakotoka mafuta ya transi ya viwandani, yanayopandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003, gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta, na mwaka 2018 WHO ikatoa wito yaondolewe duniani kote. Usiridhike na sifuri iliyo kwenye jedwali: Marekani, kwa mfano, kiasi cha chini ya gramu 0.5 kwa kila mgao kinaruhusiwa kuandikwa 0. Mgao ukiwa mdogo na mlaji akala minne, sifuri hiyo inaongezeka.

Dhana: Siongezi chumvi mezani, kwa hiyo naila kidogo

Chumvi ya mlo wa haraka ilishaingia kabla haujafika mezani: kwenye mkate, jibini, sosi, unga wa kuku na nyama iliyosindikwa. Kikomo cha WHO kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Lebo nyingi hutaja sodiamu badala ya chumvi, na hapo ndipo watu hupotea. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 980 za sodiamu ni karibu gramu 2.5 za chumvi, nusu ya kikomo cha siku nzima. Chumvi ya bahari au ya mawe haibadilishi hesabu hii.

Ajabu ni kwamba wanaokula chumvi bila kuhesabu mara nyingi ndio wanaoogopa kiungo cha glutameti (kiongeza ladha kiitwacho pia MSG), hofu iliyovuma baada ya barua moja kuchapishwa kwenye jarida la kitabibu la Marekani mwaka 1968. Kiungo hicho kina sodiamu asilimia 12 hivi. Chumvi ya kawaida ina asilimia 39.

Dhana: Kalori nitazitoa kwa mazoezi

Kukimbia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 aliyekula mlo wa kilokalori 1,050 anadaiwa kilomita 15. Mazoezi yana faida nyingi; kulipia sahani si mojawapo.

Dhana: Chakula kimelala nje, lakini kikipashwa moto kinafaa

Moto huua bakteria wengi, ila si kila kitu walichoacha. Baadhi yao, kama *Staphylococcus aureus*, hutoa sumu inayovumilia kuchemshwa. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kati ya nyuzijoto 5 na 60. Kipashe mara moja tu, hadi katikati kifike nyuzijoto 70 au zaidi.

Baga inataka uangalifu wa pekee. Kwenye kipande kizima cha nyama bakteria hukaa juu na moto huwafikia upesi, lakini kusaga huwachanganya hadi katikati. Mwaka 1993 nchini Marekani watoto wanne walifariki na mamia ya watu wakaugua kwa bakteria wa *E. coli* O157:H7 waliokuwa kwenye baga zisizoiva vizuri. Rangi ya nyama si kipimo. Chomeka kipimajoto katikati.

Dhana: Ni suala la utashi tu

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 20 waliolazwa wodini na kupewa wiki mbili za vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili za vyakula visivyosindikwa. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na sodiamu, na kila mtu alikula kadiri alivyotaka. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula kilokalori 500 hivi zaidi kila siku, tena kwa kasi zaidi, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine walipungua kiasi hichohicho. Watu ni walewale, na utashi ni uleule.

Ndiyo maana baadhi ya serikali hazikuishia kwenye mawaidha. Chile mwaka 2016 iliagiza alama nyeusi za pembe nane zibandikwe mbele ya pakiti zenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi. Uingereza mwaka 2018 ilianza kutoza vinywaji vyenye gramu 5 za sukari au zaidi kwa kila mililita 100, na zaidi kwa vyenye kuanzia 8. Watengenezaji wengi walikuwa wameshashusha sukari chini ya gramu 5 kabla siku ya kuanza kutoza haijafika.