Bibi yupo, kasahau jina lako tu

Nimeambiwa tena, safari hii na kijana msomi kabisa: "Bibi alishaondoka zamani, hapa tunatunza mwili tu." Bibi mwenyewe, mwenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, kaketi jamvini, anasikia. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Masasi, na kauli hiyo imenichosha.

Wanaosema hivyo wamemfuata John Locke bila kujua. Mwanafalsafa huyo Mwingereza alifundisha mwaka 1694 kwamba mtu ni yuleyule kadiri fahamu yake inavyoyafikia matendo yake ya nyuma. Mwanafalsafa mwenzake, Thomas Reid, akamjibu kwa mfano mwaka 1785: jenerali anaukumbuka uofisa wake wa ujanani, ofisa yule alikumbuka viboko alivyochapwa utotoni kwa kuiba matunda, ila jenerali viboko kavisahau. Kwa hesabu ya Locke, jenerali ndiye yule mtoto, kwa kupitia ofisa, na papo hapo siye, kwa kuwa viboko kavisahau. Wewe je, unakumbuka ulivyoachishwa ziwa?

Kinachoniudhi hasa ni kudhani kumbukumbu ni kitu kimoja, ikitoka imetoka yote. Henry Molaison, Mmarekani mwenye kifafa, alipasuliwa ubongo mwaka 1953, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohifadhi matukio mapya, pande zote mbili. Tangu hapo hadi kifo chake mwaka 2008, matukio mapya hayakumkaa. Lakini alipofundishwa kuchora nyota kwa kuitazama kwenye kioo tu, mkono ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo.

Sasa mpe bibi yule korosho za kubangua, zilizokwisha kukaangwa. Atajipaka majivu viganjani mafuta ya ganda yasimbabue, ataisimamisha korosho jiweni, ataigonga, kiini kitoke kizima. Mjukuu msomi anatoa vipande. Bibi akikuta mbovu, anaguna na kuitupa, kisha anamtazama mjukuu kwa dharau. Nani anadharau, kama hayupo?

Suala la kujitazama kiooni ni gumu zaidi: wapo wagonjwa wanaomkaribisha mgeni waliyemwona humo, kumbe ni wao wenyewe. Hao wamepoteza sura yao, lakini njaa wanajua ni yao.

(Kuchanganyikiwa kulikoanza juzi ni jambo jingine. Huenda ni malaria au mkojo mchafu. Hospitali, leo.)

Ninapokwama ni kwingine. Mwaka 2015 watafiti Nina Strohminger na Shaun Nichols waliwahoji ndugu wa wagonjwa wa ubongo. Kilichowafanya waone "huyu si yule" kilikuwa utu kuharibika kuliko kusahau. Nami nayaona hayo: mzee mpole kageuka katili, anakumbuka hadi mahari aliyotoa, na mkewe ananiuliza anaishi na nani. Nikisema ni yuleyule, nimembebesha ukatili wa ugonjwa. Nikisema siye, nimemzika hai. Sijui.

Hata hivyo, mikorosho ya bibi msiigawane kwa hoja kwamba hayupo. Muulizeni mwenyewe, asubuhi kabla hajachoka, swali mojamoja, na redio mzime.