Teknolojia katika ufundishaji unaozingatia tofauti za wanafunzi

Ufundishaji unaozingatia tofauti za wanafunzi ni kupanga somo moja kwa njia zaidi ya moja, ili wote wafikie lengo lilelile, kila mmoja akianzia pale alipo. Mmarekani Carol Ann Tomlinson, aliyeieneza sana dhana hii, anataja mambo manne ambayo mwalimu anaweza kuyabadili: maudhui, mchakato wa kujifunza, kazi anayotoa mwanafunzi na mazingira ya darasa. Lengo halimo. Anayewapa wanafunzi wa nyuma lengo jepesi amewapunguzia elimu tu.

Teknolojia inaingia wapi? Wengi hukimbilia video na michezo. Kazi yake kubwa zaidi ni kumwonyesha mwalimu upesi nani amekwama, na amekwamia wapi. Madaftari 60 humaliza jioni nzima kuyasahihisha, na mara nyingi kinachopatikana ni alama tupu.

Chukua kujumlisha sehemu. Swali la 1/2 + 1/3 likiwa la kuchagua jibu, majibu yasiyo sahihi yatungwe kwa makusudi. Anayechagua 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Bado haoni kwamba jibu lake ni dogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Anayechagua 2/6 ameshapata asili ya pamoja (namba ya chini inayofaa sehemu zote mbili), ila hakubadili namba za juu. Wote wawili wamekosa, lakini wa kwanza anahitaji kukunja karatasi na kuona sehemu kwa macho, wa pili anahitaji hatua moja tu ya kukumbushwa. Kwa hiyo makundi yapangwe kwa aina ya kosa, si kwa alama. Kila kosa lipimwe kwa maswali mawili au matatu: penye majibu manne ya kuchagua, anayebahatisha hupata moja kati ya manne bila kujua lolote.

Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, hufanya kazi hii bila intaneti. Huwekwa kwenye kompyuta ya mwalimu, masomo yakapakuliwa mapema mahali penye mtandao, kisha vishikwambi huunganishwa na kompyuta hiyo kwa Wi-Fi ya ruta. Mwalimu huunda makundi, hutoa jaribio, husoma majibu ya kila mtoto swali kwa swali, halafu hukabidhi kila kundi somo lake.

Ukiwa na vishikwambi 10 na watoto 60, gawa makundi matatu ya 20. Moja linakaa wawiliwawili kwenye vishikwambi, moja na mwalimu, moja linafanya mazoezi ya daftari. Usijaribu kuzungusha yote matatu ndani ya dakika 40, kwani muda utaishia kwenye kuhama madawati. Zungusha kwa siku.

Mambo huharibika zaidi kwenye kushirikiana kifaa. Watoto wawili wakitumia akaunti moja, ripoti haimhusu yeyote kati yao. Kwenye jaribio kila mtoto aingie kwa jina lake, kwa zamu. Kwenye mazoezi wabadilishane kila baada ya maswali matano, la sivyo mwepesi hushika kifaa kipindi kizima. Kosa jingine ni kuwaachia mashine wale waliokwama sana, ilhali hao ndio wanaomhitaji mwalimu zaidi. Na mtoto asiyesoma vizuri anaweza kufeli hesabu anayoijua. Msomee swali, au lirekodi kwa sauti, kabla ya kumweka kundi lolote. Makundi yapangwe upya kila mada, kwani aliyekwama kwenye sehemu huenda akaongoza kwenye maumbo.

Mwenye simu moja tu bado ana njia: swali moja ubaoni dakika tano kabla ya kipindi kuisha, majibu kwenye vikaratasi vyenye majina, kisha vipangwe mezani kwa aina ya kosa na kila rundo lipigwe picha. Orodha ya makundi ya kesho imeshapatikana.